Siku Saba za Kifuani

Kibosho,
20 Julai 2025

Melkior wangu, mume wangu,

Acha niandike tena: mume wangu. Miezi saba sasa na bado neno hili likipita kwenye kalamu nasikia kama kengele ya kanisa inagongwa mahali fulani tumboni. Au labda ni mtoto anayegonga. Siku hizi sitofautishi.

Nimetoka misa ya pili. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, ukiangalia shamba letu la kihamba unaona vichwa tu vya migomba vimeelea, kama watu wanaoogelea kwenye maziwa. Mlima sijauona wiki nzima. Mama yako anasema mlima nao una likizo yake ya mwezi wa saba na wa nane, unajifunika blanketi unalala, na hakuna bosi wa kuuamsha. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nashukuru kwa lile agano letu la siku ya tatu baada ya harusi, kwamba simu ni ya kuulizana umekula nini, na barua ni ya mengine yote. Wenzangu kazini wananicheka. Tukiwa tunafungasha kahawa wananiuliza, "Hilaria, mume yupo Mtwara au yupo enzi za Mjerumani?" Nawajibu kwamba ujumbe wa simu unafutika, lakini barua yako nailalia chini ya mto, na asubuhi shavu langu lina alama ya bahasha. Hapo wanarudi kwenye kahawa yao, kwa wivu.

Unakumbuka ndafu yetu? Mbuzi mzima aliyebanikwa amesimama mezani na majani mdomoni, mimi nakulisha kipande cha kwanza, na shangazi yako anapiga kelele, "Mpe kubwa, huyo ni mtoto wa Sylvanus!" Nikakupa kipande kikubwa ukashindwa kutafuna. Padri akageuka pembeni asionekane anacheka. Nikifunga macho naiona Jumamosi ile yote, na gauni langu jeupe lililonikaa sawasawa, na mimi ndani yake, msichana wa Form Four kutoka upande wa pili wa mto, naingia kanisani kichwa juu.

Sasa niambie, ile likizo yako ya mwaka wamekubali iwe Oktoba? Kliniki wanasema mtoto atakuja tarehe nane. Nataka ukae mwezi mzima. Nataka nikuone umelala kwenye mkeka mchana, unakoroma, na mwanao anakoroma.

Naweka ndani ya kifurushi ndizi mshare na chupa ya asali. Mwambie kondakta wa basi nimemwombea.

Wako wa madhabahuni,
Hilaria


Mtwara,
26 Julai 2025

Mke wangu Hilaria,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya mizani ya kiwandani. Ilikuwa saa ya chakula, wapakiaji wamekwenda kula, nikapanda mwenyewe na barua mkononi. Mizani ikaonyesha uzito wangu uleule wa siku zote. Nikashangaa, kwa sababu nilijisikia mwepesi kama ganda la korosho.

Likizo imekubaliwa. Dada Winfrida, afisa utumishi wetu, amenipa mwezi wa kumi wote, siku zangu zote ishirini na nane, na mshahara wangu uko palepale. Meneja aliguna kwa sababu ndipo korosho mpya zinaanza kuingia na mpima uzito ni mimi. Winfrida akamwambia, "Mangi ameoa juzi, muache akamwone mtoto." Huku wote wananiita Mangi. Nikiwaambia kwamba kwetu Kibosho Mangi ni chifu na mimi ni mtoto wa mkulima tu, wanasema Mchagga yeyote aliyevuka Dar akaja kusini ni Mangi.

Nimewaza juu ya jina. Akiwa mvulana ni Sylvanus, hilo halina mjadala, ndiyo desturi yetu, wa kwanza ni wa babu. Wewe hukumjua baba. Alikuwa akiingia mlangoni chumba kinapungua. Gunia la kahawa alilibeba mwenyewe mpaka chama cha ushirika, akifika hata hahemi, na karani alikuwa anamtania, "Sylvanus, nipime wewe au gunia?" Siku tunamzika, watu waliobeba jeneza walibadilishana mara nyingi njiani, na mmoja akasema, "Mwacheni, anatuonyesha kazi mara ya mwisho." Namngoja mtu huyo arudi nyumbani. Ndiyo maana nasema ule. Kula mtori, kula nyama, mama asikuonee huruma.

Nakuota hata mchana. Jana nilimwandikia mkulima mmoja risiti nikaandika jina lake Hilaria.

Wako,
Melkior


Hospitalini, Kibosho,
11 Agosti 2025

Mume wangu, baba Sylvanus,

Kwenye simu juzi nililia nikashindwa kusema vizuri, na wewe ulikuwa kimya, nikadhani mtandao umekatika. Sasa nimetulia, nakueleza.

Yupo. Ametangulia kufika, miezi miwili kabla ya siku yake. Jumamosi asubuhi nilikuwa naanua nguo, nikasikia mgongo umekatika, na kufika saa sita alikuwa ameshazaliwa. Huku wanawaita watoto njiti, na kweli, mguu wake ni kama kidole changu. Kilo moja na nusu tu, Melkior. Lakini anapumua mwenyewe! Ana nyusi zako. Ana kile kidevu chako cha kubishana na padri.

Nikwambie nilivyo sasa hivi. Nimeegemea mito, gauni limefunguliwa, na Sylvanus yuko kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, amefungwa na khanga, kofia ya sufu kichwani. Nesi wetu, Sista Kindness, anasema ndiyo dawa yake kubwa, kifua cha mtu, mchana na usiku, kama mnyama kangaruu na mtoto wake. Mwezi huu wa nane unajua baridi yake. Nje ukungu unagonga dirisha, ndani sisi wawili ni jiko moja. Akishtuka nashtuka, akilala nalala, na nikilala naota nimepanda mlima nimembeba, theluji yote ni pamba.

Sasa habari ya kazi. Jana bosi wetu, mzee Efraimu, alikuja mwenyewe na uji kwenye chupa. Nilianza kulia kwamba likizo ya uzazi itaisha huyu akiwa bado hajafikia hata ukubwa wa mtoto mchanga. Akasema, "Mama, pangusa machozi. Sheria ya kazi imebadilishwa mwaka huu. Mwenye mtoto njiti anaongezewa wiki zote ambazo mtoto alitakiwa awe bado tumboni, halafu ndipo likizo ya kawaida inahesabiwa. Kwa mshahara. Lete tu karatasi ya daktari." Kwa hiyo mpaka tarehe nane Oktoba zote ni siku za Sylvanus, na baada ya hapo ndipo zile zangu za siku zote! Ningekuwa na nguvu ningemkumbatia mzee wa watu, ingawa ni Mlutheri.

Na wewe pia, mpenzi! Anasema baba wa mtoto njiti sasa anapewa siku saba badala ya tatu. Sista Kindness anasema kifua cha baba ni kizuri vilevile, kingine kina joto kuliko cha mama. Mimi nina homa kidogo, wakati mwingine mikono inaishiwa nguvu, na mama yako ana kikohozi, hawamruhusu kumbeba. Kifua kinachokosekana ni chako. Njoo, Melkior. Nimekitunzia upande wa kushoto wa kitanda.

Mama wa mwanao,
Hilaria


Mtwara,
13 Agosti 2025

Mke wangu mpendwa, mama Sylvanus,

Nimesoma, nimebusu karatasi. Mungu ni mwema. Pole na homa. Pole na kila kitu.

Hapa wote wamefurahi sana kusikia nimepata mvulana. Wanakusalimu. Ninakutumia kifurushi cha korosho zilizobanguliwa, zawadi yao kwa mama wa mtoto. Kula zote, zinaleta maziwa.

Kuhusu kuja, mambo ya ofisini yana taratibu zake. Walichonipa ni siku tatu, na unajua barabara, kwenda siku mbili na kurudi siku mbili, zingeishia kwenye kiti cha basi. Nikaona nisizichukue. Nitakuja Oktoba kama tulivyopanga, nikae mwezi mzima. Vumilia, mke wangu. Wewe ni jasiri kuliko mimi.

Je, anakua? Au bado? Usimwonyeshe watu wengi. Na mama asitangaze kanisani kwanza, asubiri achangamke.

Usiku huu mwezi umetoka juu ya bahari na nimeuona kama uso wako siku ile ulipofunuliwa shela.

Wako daima,
Melkior


Hospitalini, Kibosho,
15 Agosti 2025

Kwa Dada Winfrida,
Afisa Utumishi.

Shikamoo dada, kama umenizidi, na kama hujanizidi, mambo.

Mimi naitwa Hilaria, mke halali wa Melkior, mpima uzito wenu, tuliofunga ndoa takatifu Desemba iliyopita. Kwanza nawashukuru kwa korosho. Zimefika leo. Ni nyingi na ni tamu, nazila na mkono mmoja kwa sababu mwingine umemshika mtoto.

Dada, ninaandika bila yeye kujua, unisamehe na umsamehe. Melkior ni mtu wa aibu. Naona ameogopa kudai haki yake kwa meneja. Mtoto wetu ni njiti, amezaliwa kabla ya miezi minane, na nimeambiwa kwamba kwa sheria ya mwaka huu baba yake anapewa siku saba. Ninyi mmempa tatu. Sisemi kwamba mna roho mbaya, watu wenye korosho tamu hivi hawawezi kuwa na roho mbaya, labda habari za sheria hazijafika kusini. Tafadhali muongeze zilizobaki. Sizitaki kwa ajili ya starehe. Mtoto anahitaji kifua cha baba yake, ni maneno ya nesi si yangu. Ingawa ni yangu pia.

Nimeambatanisha nakala ya karatasi ya daktari.

Wako mtiifu katika ujenzi wa familia,
Hilaria


Mtwara,
18 Agosti 2025

Mdogo wangu Hilaria,

Marahaba. Nimekuzidi kidogo tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikafunga mlango wa ofisi nikaisoma tena. Sheria tunaijua, mdogo wangu. Tangazo liko ukutani kwetu tangu mwezi wa pili, mimi ndiye niliyelibandika, na mizani ya Melkior inatazamana nalo. Hatukumnyima kitu.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Jumamosi ile ulipompigia, alikuwa kazini, wapakiaji na wakulima wamemzunguka. Alipokata simu akasema, "Mvulana." Watu wakashangilia. Thadeus, mkubwa wa wapakiaji, akamuuliza, "Kilo ngapi, Mangi? Wewe ndiye mwenye mizani!" Mumeo akaitazama mizani yake. Kisha akajibu, "Tatu na nusu."

Basi ikawa sherehe. Wakachota korosho wakaziweka kwenye mizani mpaka zikafika uzito huohuo, tatu na nusu barabara, wakasema hizi ndizo zawadi za mama. Ndicho kifurushi unachokula. Walimtania pia, sikufichi, kwa sababu walihudhuria sherehe ya kumuaga akienda kuoa na wanajua kuhesabu miezi. "Mangi alianza kazi kabla ya padri!" Yeye alikuwa anacheka nao. Nilipomuuliza kama mtoto ametimiza miezi yake, akasema ndiyo, ametimiza. Nikaandika siku tatu.

Karatasi ya daktari ninayo sasa, lakini maombi ya likizo lazima ayalete mwenyewe, siwezi kuyaomba kwa niaba yake. Na siku hizo huchukuliwa mara baada ya mtoto kuzaliwa, tumeshachelewa. Akija wiki hii, meneja nitamwelewesha mimi. Akingoja zaidi sina la kumsaidia.

Sitamwambia kwamba umeniandikia. Mseme wewe, taratibu. Naona si uongo wa mtu mbaya. Ni wa mtu aliyeogopa.

Dada yako,
Winfrida


Hospitalini, Kibosho,
20 Agosti 2025

Melkior,

Nimejua habari ya kilo tatu na nusu. Nilimwandikia Dada Winfrida nikidhani nakutetea.

Ulipotaja uzito ule mbele ya watu uliniondoa kanisani. Ulinivua lile gauni. Mtoto wa kilo tatu na nusu, aliyetimia, mwezi wa nane, na sisi tulioana Desemba, maana yake mimi niliingia kwa padri na tumbo. Wakacheka, na wewe ukacheka nao. Mimi hapa nilikuwa nakula korosho zao na kuwaombea mmoja mmoja.

Na yeye, alikukosea nini? Ni mdogo. Ndiyo. Anajua. Anafanya kazi ya kukua tangu asubuhi mpaka asubuhi, hana likizo hata dakika moja.

Leo nimemwomba Sista Kindness mizani ya watoto. Nimemimina korosho nikawa nazipunguza kidogo kidogo mpaka zikalingana na Sylvanus siku aliyozaliwa. Sista alicheka mwanzoni, baadaye akanisaidia kupunguza. Zilizotolewa tumewapa kina mama wote wa wodi. Zilizobaki nakurudishia ndani ya mfuko uleule.

Huyo ndiye mwanao. Wewe ndiye mpima uzito. Mpime.

Hilaria


Mtwara,
22 Agosti 2025

Hilaria,

Sijui kama bado naruhusiwa kuandika mke wangu. Nitaliacha wazi, ulijaze wewe.

Mfuko umefika leo asubuhi. Nilikuwa sijasoma barua, nikaushika, nikaona mbona mwepesi, nikadhani panya. Kisha nikasoma. Nikasimama pale na mfuko mkononi. Kazi yangu kila siku ni kusema uzito wa kweli wa vitu vya watu. Mkulima akija na gunia lenye mawe namrudisha. Na nilipoulizwa uzito wa damu yangu nikatia mawe.

Uliposema kwenye simu kwamba ni wa kilo moja na nusu, nilimwona baba. Nilimwona mlangoni, na chumba kimepungua. Nikawaza, jina lile atwishwe mtoto mdogo hivyo, na kama akituacha? Nitakuwa nimemzika Sylvanus mara mbili. Nikaona bora huku kusini awepo mwingine, mkubwa, ambaye hawezi kufa. Sikukuwaza wewe na gauni lako hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote, kwamba sikukuwaza.

Kuja nako niliogopa. Si barabara. Niliogopa kumshika.

Sasa sikiliza nilichofanya. Saa nne wapakiaji wote walikuwepo na magunia. Nikaweka mfuko juu ya mizani nikasema, "Thadeus, njoo soma." Akasoma. Akasema, "Hizi ni nini, Mangi?" Nikamwambia, "Mtoto wangu. Amezaliwa kabla ya wakati. Mke wangu niliyemwoa alikuja kanisani akiwa hana mimba, na mimi niliwadanganya." Hakuna aliyecheka. Kisha Thadeus akaupakata ule mfuko kwa mikono miwili, akasema wa kwake wa tatu alikuwa hivi, sasa yupo darasa la sita na ni mtukutu. Akaufungua mkanda wa ovaroli langu, akautia mfuko kifuani kwangu. "Zoea," akasema. "Kaa nao mpaka jioni. Usiukandamize, na usiuache upoe." Nimepima magunia siku nzima na korosho zimelala juu ya moyo wangu. Wakulima wameniona nimechanganyikiwa.

Winfrida alikuwa na karatasi ya daktari mezani tayari. Nikaandika maombi mbele yake. Siku saba, zenye mshahara, na siku za njiani nimezikata kwenye likizo yangu ya mwaka, kwa hiyo saba zote ni za kifua. Meneja alitaka kuguna. Winfrida akamwonyesha tangazo ukutani kwa kidole.

Barua hii inapanda basi leo. Mimi napanda la kesho.

Melkior


Kibosho,
8 Oktoba 2025

Mume wangu,

Nimelijaza.

Leo ndiyo siku. Nimeamka kabla ya jogoo nikakumbuka kwamba leo tarehe nane, leo ndipo Sylvanus alitakiwa azaliwe, na nikamwona amelala pembeni yangu amenuna kama karani wa chama. Nikamwambia heri ya kuzaliwa, akapiga chafya. Wiki alizoongezewa na sheria zimekwisha leo, sasa ndipo likizo yangu ya kawaida inaanza kuhesabiwa. Mzee Efraimu amenitumia ujumbe: "Karibu mwanzo wa safari, mama." Wenzangu wananiambia nina bahati ya kuzaa mara moja na kupumzika mara mbili. Nawajibu waje wapumzike wao, na mtoto juu ya mbavu.

Tangu uondoke mwezi wa nane hatujaandikiana sana. Simu tu, umekula nini. Nadhani tulikuwa tumeshiba. Lakini kuna mambo sikukwambia, nayaandika leo yakufikie kabla hujapanda basi la Jumamosi, maana zile siku za njiani ulizozikata zimeisogeza likizo yako.

Nilikuwa nimepanga nikukasirikie siku tatu. Zilizobaki nne ningekupenda. Ndiyo hesabu niliyokuwa nayo uliponitokea mlangoni mwa wodi na vumbi la Mtwara kwenye nyusi na tawi la sale mkononi. Nikajua umepita nyumbani kwanza, umelikata pale lilipoota kwenye kaburi la baba. Huo ni ujanja, Melkior. Unajua kabisa kwamba kwetu mtu akija na sale hakuna wa kukataa kusamehe, hata mwenye damu mkononi. Nilitaka kulikasirikia tawi lenyewe. Halafu Sista Kindness akakufukuza, "Baba! Majani hayaingii humu! Nenda kanawe mpaka kwenye viwiko!" Ukatoka mbio kama mtoto wa shule, ukalichomeka sale kwenye nondo za dirisha, nje. Nikacheka. Mbavu zikauma. Siku zangu tatu za hasira zikaishia hapo, hata saa moja hazikufika.

Ulipovua shati ulirudia kifungo kimoja mara tatu. Nilikuona. Ukamkunjulia mikono kama mtu anayepokea hostia. Na alipolala pale, sikio lake kwenye moyo wako, uliacha kupumua, mpaka nesi akakwambia, "Pumua baba, yeye anakusikiliza wewe." Nikalala. Ndiyo usingizi wa kwanza niliolala tangu azaliwe, mrefu, bila ndoto, kwa sababu ndoto ilikuwa imekaa kwenye kiti pembeni yangu imefungwa na khanga.

Jambo lingine. Siku ile mama alisimama mlangoni mwa wodi, ukamwomba msamaha juu ya jina, mimi nilijifanya nimesinzia. Ulimwambia uliogopa mtoto hataliweza jina la baba. Mama akakohoa, akasema, "Kwani baba yako nani alimpima? Kazaliwa kibandani, mvua inanyesha, hakuna mzani wala nesi. Alikuwa mkubwa, alikuwa mdogo, hakuna ajuaye. Mizani ya kwanza iliyombeba ni ya kahawa, tena alishaota meno ya pili, alikuwa anachezea. Ukubwa alikuja kuupata kwa ndizi zangu." Nimelifikiri neno lile mara nyingi nikiwa namnyonyesha. Jina halikuwa na kilo wakati anapewa. Alizijaza mwenyewe baadaye.

Jumapili iliyopita mama amemtangaza kanisani. Amesimama mbele ya kina mama wote akasema, "Mjukuu wangu ni njiti, na mkwe wangu aliingia humu kwa mlango wa mbele, na gauni jeupe lilikuwa haki yake." Wote wakapiga vigelegele. Nikaona haya nikataka kuingia chini ya benchi, na nikawa na furaha mpaka masikio yakawaka.

Leo asubuhi ukungu umefunguka. Mlima umetoka wote, mweupe, umemaliza likizo yake. Nikamtoa Sylvanus nje ya mlango kuuonyesha. Hakuutazama. Alikuwa anatazama sale. Tulipotoka hospitalini nililitoa kwenye dirisha la wodi nikalipanda pembeni ya ngazi, nalo limeshika.

Tumetoka kliniki. Sista Kindness amempima, akaangalia mizani, akaniangalia mimi, tukashikana mikono kama wasichana. Ni kilo ngapi, sikuandikii. Mama anajua, mzee Efraimu anajua, kondakta wa basi pia anajua. Wewe utasubiri.

Ukifika usiulize. Nawa mpaka kwenye viwiko, vua shati, keti. Nitakuwekea Sylvanus kifuani, na kilo zake utasema wewe.

Mke wako,
Hilaria